Mzee Mkoba Achagua Uwanja

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, kati ya duka la kinyozi na kibanda cha kutengeneza simu, mkabala na ukuta wa klabu ya gofu. Ukikaa upande wa kushoto unaliona geti kubwa la wanachama. Ukikaa upande wa kulia unakiona kimlango cha chuma ambacho makedi, yaani wale wanaobeba mikoba ya fimbo za wachezaji, huingilia asubuhi na kutokea jioni. Ukikaa katikati huoni kitu ila ukuta, na ndiyo maana wasemaji wakubwa hupenda kukaa katikati. Muuza kahawa, anayeitwa Moto kwa sababu hajawahi kukubali kuwa kahawa yake imepoa, huweka jiko lake pembeni ya benchi. Kijiwe kinafunguliwa birika likichemka na kinafungwa likiisha. Hakina katiba nyingine.

Jumatatu hiyo Mzee Mkoba aliwahi kuliko wote. Alikaa mwisho kabisa wa benchi, upande wa kulia, akakipa mgongo kile kimlango cha chuma. Jina la Mkoba alipewa zamani, kwa kuwa alikuwa kedi tangu kidevu chake hakijaota ndevu, na mkoba ulikuwa umeliinamisha bega lake moja hata mashati yake yote yalikaa upande. Ijumaa iliyopita alikuwa amerudisha kizibao chake cha kijani cha kazi. Goti lilikuwa limegoma, halitaki tena kupanda vilima na mzigo. Makedi wenzake wakampigia makofi, meneja akampa mkono, akarudi nyumbani.

Sasa, klabu hiyo Jumatatu haina wanachama. Ni siku ya kukata nyasi, na kwa desturi ya miaka na miaka ni siku ya makedi kucheza wenyewe, kwa fimbo za kuazima na mipira ya kuokota vichakani. Ila desturi hiyo ina mpaka wake: anayecheza ni mwenye kizibao. Ukirudisha kizibao umerudisha na Jumatatu. Hakuna aliyemfukuza Mzee Mkoba na hakuna wa kulaumiwa, ndivyo ilivyo tangu wahenga wa makedi. Lakini lilimuuma. Lilimuuma tangu Ijumaa, na kilichozidisha ni kwamba hakutakiwa kuumia. Alitakiwa afurahi. Binti yake, mhasibu wa kampuni moja ya mizigo katika mji mwingine, alikuwa amemwambia: Baba, umewabebea watu maisha yako yote, sasa nakupeleka likizo. Chagua uwanja wowote wa gofu, popote, uende ukacheze wewe. Alimtumia picha za viwanja kwenye simu. Na leo alitaka jibu, maana ilibidi aombe ruhusa kazini.

– Haya, kikao kifunguliwe, alisema Waziri. Waziri ni kinyozi. Hana wizara, ila ana sauti ya mwenye wizara, na alikuwa amemwacha mteja wake mmoja ndani na shuka shingoni, nusu kichwa kimenyolewa. – Ajenda ni moja. Mzee wetu anakwenda wapi?

– Sijajua, alisema Mzee Mkoba.

– Hujajua! Mtu anapewa dunia nzima achague, anasema hajajua! Lete hizo picha.

Simu ikapita mkono kwa mkono. Ilipofika kwa Injinia, yule wa kibanda cha simu, aliigeuza kwanza akaangalia nyuma yake kama ina ufa, kwa mazoea, kisha ndiyo akatazama picha.

– Huu wa kwanza uko mlimani. Mzee, chukua huu. Usifikirie mara mbili.

– Kwa nini?

– Hewa. Juu huko hewa ni nyepesi. Mpira haukutani na kitu. Unaupiga hapa, unakwenda maradufu.

– Hilo nimewahi kulisikia kwa wachezaji, alisema Mzee Mkoba.

– Umesikia nusu. Wanakuficha nusu nyingine. Ukipanda zaidi, hewa inazidi kuwa nyepesi. Kuna viwanja mtu anapiga mpira asubuhi, anakwenda kunywa chai, anaoga, anarudi, mpira ndiyo kwanza unatua.

– Acha weee! alisema Moto.

– Nakwambia sayansi, unaniambia acha.

Kabla Moto hajajibu, Upepo alivuka barabara akaja kukaa. Mzee Mkoba alimtazama, akatazama kikombe chake, akamtazama tena. Upepo alikuwa kedi mwenzake, mdogo kwake kidogo, na kizibao alikuwa nacho bado, amekivaa. Kila Jumatatu tangu wawe vijana walicheza pamoja, wakagombana kila shimo, na aliyeshindwa alitafuta sababu mpaka Jumatatu nyingine. Upepo hakupata jina lake kwa mbio. Alilipata kwa sababu kila mpira wake uliopotea ulikuwa umechukuliwa na upepo.

– Wewe mbona huko ndani hupo? aliuliza Waziri. Leo si siku yenu?

– Upepo mkali leo, alisema Upepo. Hakuchezeki.

Moshi wa jiko la Moto ulikuwa unapanda juu wima, haugeuki kushoto wala kulia. Mzee Mkoba alijua mara moja kwa nini mwenzake hakuingia, akashukuru moyoni na papo hapo akakasirika, kwa sababu sasa watu wawili walikuwa wamekosa Jumatatu badala ya mmoja.

– Ungekwenda tu, alimwambia kwa sauti ya chini.

– Nicheze na nani? Na wale vijana wanaopiga mpira kama wanaua nyoka? Mimina kahawa, Moto.

Waziri, ambaye hapendi kikao kutoka nje ya ajenda, alikuwa amekwisha kuipokonya simu.

– Injinia amesema ya kwake. Mimi nasema ya kitaalamu. Uwanja ni kichwa. Msicheke. Uwanja ni kichwa, na nyasi ni nywele. Unataka kujua uwanja mzuri? Angalia ukingoni, pale nyasi fupi zinapokutana na ndefu. Fundi mbaya utamjulia ukingoni. Tazama huu wa pili, huu wa ufukweni. Umenyolewa vizuri katikati, lakini pembeni hapa, ona, wamepitisha mashine kwa haraka. Huyo meneja ni mtu wa kudanganya. Hata chakula chake kitakuwa cha jana.

– Umejua chakula kwa kuangalia nyasi?

– Mimi mtu akikaa kitini kwangu, kwa kisogo tu najua kama kwake kuna amani. Sembuse uwanja! Na huu wa tatu hapa, wa jangwani, una kipara. Mchanga mtupu. Mzee, usiende kucheza juu ya kipara cha mtu.

– Waziri, alisema Upepo, kichwa chako wewe kina kipara.

– Ndiyo maana najua shida zake.

Walicheka, na Mzee Mkoba naye akacheka, ila kicheko kiliishia mdomoni. Alizitazama zile picha kila zilipopita mbele yake. Zilikuwa nzuri kweli. Nyasi za kijani, maji, mawingu. Lakini alikuwa amezitazama usiku wote uliopita, mke wake amegeukia ukutani anamwambia chagua basi tulale, na katika kila picha alijiona amesimama pale pa kuanzia, watu wasiomjua wamemzunguka wanamtazama, naye hajui ardhi ile inateremkia wapi. Uwanja wa ng'ambo ya barabara aliujua kwa nyayo. Alijua kilima ambacho mpira ukitua upande wake wa juu hurudi wenyewe mtaroni. Alijua mti ambao ukivuka kivuli chake, fimbo ni ile fupi, usibishane. Kwenye picha hakujua kitu. Aliogopa, na aliona haya kuogopa zawadi ya mtoto wake.

– Mnamchanganya mzee wa watu, alisema Moto huku akimimina. Mimi sijawahi kushika fimbo, lakini nitasema jambo moja. Aende mahali ambapo hakuna mtu anayemjua.

– Kwa nini?

– Akicheza vibaya, ubaya ubaki hukohuko. Akirudi anatuambia alishinda. Nani atambishia?

– Sasa hiyo ndiyo hoja, alisema Waziri. Hiyo iandikwe.

– Tena bora pawe na ziwa lenye mamba, aliendelea Moto, akaona anasikilizwa, akazidisha. Penye mamba hakuna anayekufuata kuhesabu umepiga mara ngapi. Unapiga mara tisa, unatoka kichakani unasema tatu. Anayebisha aende akamuulize mamba.

– Mamba atamtetea mwenye uwanja, alisema Injinia. Lakini ninyi nyote mmesahau jambo kubwa. Dunia inazunguka.

– Haya, ameanza.

– Inazunguka au haizunguki?

– Inazunguka.

– Basi. Kama dunia inazunguka kuja huku, nawe unapiga mpira kwenda kule, shimo linafanya nini? Shimo linakuja! Wewe unapiga kidogo tu, shimo linakuja kuupokea mpira wako. Mzee, usichague nchi. Chagua uwanja ambao mashimo yake yote yameelekea upande mmoja.

– Na kurudi? aliuliza Upepo.

– Kurudi vipi?

– Mashimo yote yakielekea upande mmoja, mtu akimaliza anakuwa wapi? Si anakuwa wilaya nyingine?

Injinia alifikiri. – Atapanda gari, alisema.

Kikao kikavurugika kwa kicheko. Yule mteja aliyeachwa na nusu kichwa alichungulia mlangoni akauliza kama kuna matumaini, Waziri akamwambia asubiri, serikali inafanya kazi.

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa amesimama karibu na jiko akingojea kikombe. Alikuwa amepanga juzi chumba cha tatu kutoka kwa kinyozi, anashona mapazia, na tayari mtaa ulikuwa umemwita Mama Mapazia bila kumuuliza. Uzi mweupe ulikuwa umemganda begani. Moto alimpa kahawa, Waziri akamsogezea nafasi, akakaa upande wa kushoto.

– Samahani, baba zangu, naingia katikati ya mazungumzo, alisema.

– Karibu, mama. Tunamtafutia mzee uwanja wa gofu wa likizo. Kama unajua wowote, sema.

– Sijui hata fimbo yake inafananaje. Nasikiliza tu.

Mzee Mkoba, labda kwa kuona kuna mgeni, labda kwa kuchoka kuwa ajenda, alianza kusema.

– Nitawaambia kisa. Kuna mzee mmoja nilimbebea mkoba hapa. Katoka mbali, ndege siku nzima, kashuka, kapanda ndege nyingine, mpaka kafika hapa kwetu. Nikamuuliza, mzee, kwenu hakuna viwanja? Akasema viko, vingi, kimoja kiko nyuma ya nyumba yake. Nikamuuliza sasa umefuata nini? Akasema alikaa na picha mezani, mwezi mzima anachagua aende wapi likizo, mpaka mkewe akakasirika. Akaona picha ya hapa, kile kilima cha mtaroni. Akasema, hapa.

– Hapa? alisema Injinia. Hapa hapa?

– Hapa hapa. Na mpira wake wa kwanza ukaingia mtaroni. Nilikuwa nimemwonya.

– Kumbe sisi nasi ni likizo ya mtu! alisema Waziri, akaugeukia ule ukuta akauangalia kama ndiyo kwanza umejengwa.

– Na yule mwingine, alidakia Upepo, yule mwenye kofia, aliyelia alipofika shimo la mwisho. Unamkumbuka?

– Namkumbuka. Alisema ameweka nia ya kufika hapa miaka mingi.

– Alinipa mkono mimi na machozi yake. Mimi nikadhani amefiwa.

– Wako wengi, alisema Mzee Mkoba. Kila wiki hawakosi. Jumamosi ndiyo kabisa.

Mama Mapazia aliipuliza kahawa yake. – Samahani tena. Hao wageni, wanaingilia wapi?

– Geti kubwa, alisema Mzee Mkoba. Lile pale.

– Wanapokewaje? Lazima wawe na mtu ndani?

– Hapana. Mgeni anasema jina lake, analipia siku yake, wanaangalia kama ana viatu vya kufaa. Basi, anapewa kedi, anacheza.

– Na mkazi wa hapa akitaka?

– Yeyote. Mgeni ni mtu yeyote asiye mwanachama.

– Haa, alisema Mama Mapazia. Akanywa kidogo. – Sasa baba yangu, wewe ukienda pale getini na hela ya binti yako na viatu vyako, ukasema unataka kucheza, watakwambiaje?

Waziri alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kianze, akaufunga bila kitu kutoka. Injinia alitazama angani, ambako kwa kawaida hupata majibu. Moto aliinua birika akalitikisa, akalirudisha. Upepo alimgeukia Mzee Mkoba, Mzee Mkoba akamgeukia Upepo. Wote wawili walikuwa wakilipita geti lile tangu ujana wao. Walijua bawaba yake inayolia. Walijua majina ya walinzi wote waliokuja wakaondoka. Hakuna kati yao aliyewahi kuliendea akasimama mbele yake akiwa hana mzigo wa mtu. Hakuna aliyewakataza. Hata wazo lenyewe halikuwahi kuwajia, si kwa mzaha, si kwa ndoto. Wangeambiwaje? Nani ajue?

– Sijui, alisema Mzee Mkoba hatimaye.

– Mimi pia sijui, alisema Upepo.

– Nimeuliza tu, alisema Mama Mapazia, akaona labda amekosea. Mnisamehe, mie mgeni.

– La, mama. Umeuliza vizuri.

Mzee Mkoba alichukua simu yake mikononi mwa Injinia. Akampigia binti yake, na kijiwe chote kikajifanya hakisikilizi.

– Mwanangu. Hujambo? Ndiyo. Ndiyo, nimechagua. Si wa mlimani. Hapana, si huo pia. Huo una kipara. Aka, tutaongea baadaye. Sikiliza. Nataka huu wa hapa.

Sauti ndogo upande wa pili ilisema maneno mengi.

– Najua uko hapa. Naona ukuta wake hapa nilipokaa.

Ikasema mengine.

– Mwanangu, likizo si kwenda mahali ambapo mtu hajafika? Basi mimi sijafika Jumamosi ya hapa. Nimeipita tu na mizigo ya watu. Wewe njoo, na mama yako aje, mkae pale barazani chini ya miavuli, mnywe soda, mnitazame. Usilie. Mbona unalia sasa? Kama watanikubali. Hilo sijui bado. Naenda kuuliza.

Alikata simu, akasimama kwa hatua mbili, goti kwanza, halafu yeye mwenyewe. Moto alikuwa amekwisha kuligeuza birika juu chini, na kwa sheria ya kijiwe kikao kilikuwa kimefungwa, lakini hakuna aliyeondoka. Waziri alisahau kabisa kwamba ana nusu kichwa cha mtu ndani.

Mzee Mkoba alivuka barabara. Alipofika upande wa pili miguu yake ikakata kulia yenyewe, kuelekea kimlango cha chuma, ikabidi aisimamishe na kuigeuza. Upepo alikuwa nyuma yake. Hakuwa amemwomba aje.

Mlinzi wa geti kubwa alikuwa kijana aliyemjua vizuri. Alipomwona alitabasamu, akanyoosha mkono kuonyesha upande wa kulia.

– Shikamoo mzee. Leo huku? Kwenu si kule?

– Marahaba. Nimekuja kuuliza. Jumamosi mgeni anaruhusiwa kuanzia saa ngapi?

– Kuanzia saa mbili, mzee. Ila ajiandikishe mapema, kunajaa. Ni mgeni wa nani?

– Si wa mtu.

– Sasa nimwandike nani?

Mzee Mkoba aliuvuta ukosi wa shati, ukakaa sawa mabegani, kisha ukateleza tena upande.

– Mimi, alisema.

Kijana alimtazama. Akatazama kalamu yake. Akamtazama tena, na ilionekana anatafuta kichwani sheria inayosema hapana, anaitafuta kwa bidii kwa sababu ni mlinzi mzuri, na haioni.

– Na kedi? aliuliza mwishowe, maana hilo ndilo swali linalofuata. Mgeni lazima awe na kedi.

– Mimi, alisema Upepo.